Gereji ya Majengo Moshi, fundi anakupimisha oili mwenyewe

Hii gereji haina hata bango, ni banda la mabati tu huku Majengo, ila gari yangu siipeleki kwingine tena na nitawaambia kwa nini.

Mwezi uliopita natoka Arusha nikajaza mafuta sheli moja njiani, kijana akafungua boneti akachomoa stiki ya kupimia oili palepale, injini ndo kwanza imezimwa, "mama oili iko chini sana", akamimina lita nzima. Nikamwamini. Kesho yake napandisha Marangu naona moshi wa bluu nyuma na harufu ya kuungua, roho ikaniruka kabisa.

Fundi wa Majengo hakukimbilia spana. Kwanza akanihamisha, nilikuwa nimepaki kwenye mteremko, akasema "dada hapo stiki itatudanganya, weka pale tambarare, vuta hendibreki, zima, halafu tungoje dakika 10". Kumbe ukizima tu oili bado iko huko juu kwenye injini haijashuka kwenye sampu, yaani lile beseni la oili chini ya injini, ukipima muda huo lazima uione ndogo, ndo kilichonikuta sheli. Akanipa kitambaa kisafi, chomoa, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Nikaona kwa macho yangu oili imepita alama ya juu karibu upana wa kidole! Akanielewesha ikizidi hivyo krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inaipiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma, nyingine inavutwa inaenda kuungua na petroli. Akalegeza nati ya chini akapunguza kidogo kidogo, iliyotoka akaitia kwenye dumu la oili chafu, hakumwaga mtaroni, hilo nilipenda sana.

Kuhusu kuongeza aliniambia gari ndogo nyingi toka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita 1 tu, kwa hiyo tumia faneli, mimina robo lita, subiri ishuke, pima tena, na usidondoshee kwenye ekzosi ikiwa ya moto itafuka au hata kushika moto. Mikono na mtandio mbali na feni maana nyingine inajiwasha hata gari imezimwa. Namba ya oili fuata kitabu cha gari, kama kimeandika 5W-30 usikubali kuwekewa yoyote tu iliyopo dukani. Ukikuta rangi kama chai ya maziwa usiwashe, maji yameingia. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa barabarani paki pembeni uzime hapohapo, usiseme ngoja nifike nyumbani.

Ubaya wake ni foleni, na hamna pa kukaa, unasimama juani. Mimi naenda saa moja na nusu asubuhi kabla daladala hazijajaa, siku ile hakunidai hata mia ya kupima, nililipia kazi ya kupunguza tu.