Kasumba au mirungi katika riwaya ya vita vya kubuni

Ukiwa Tanga unatunga riwaya ya vita kati ya majini na wanadamu, na hujui askari wako watumie kilevi gani, chagua kasumba. Kiswahili kimeshakufanyia nusu ya kazi: kasumba ni utomvu wa mpopi, na pia ni fikra za mtawala zilizoganda kichwani. Askari anayeivuta ili aongee na mizimu hubeba maana zote mbili bila wewe kueleza. Wengi husahau arosto, mateso ya kukosa kilevi ulichokizoea: siku moja bila dawa, miayo haikatiki, makamasi yanatiririka, tumbo linasokota.

Mirungi ni ishara nyembamba, ya mkesha na ujasiri wa kukopa. Ila ina saa yake: hata ikifungwa kwenye majani ya mgomba, hupoteza nguvu baada ya siku mbili hivi. Njia ya mlimani inakoletwa mirungi ikikatwa, walinzi wanasinzia lindoni.