Gravie ya pembeni ya peluzi: wacha rangi, angalia unga

Mwaka jana mwezi wa nane nilinunua gravie (kokoto) ya kutandaza pembeni ya peluzi, yaani uwanja wa majani, hapa nyumbani Himbi, Goma, mstari wa mita 12 unafuata ukuta, upana sentimeta 40, ili kijana anayetukatia majani asihangaike tena na panga chini ya ukuta. Ilikuwa nyeusi, inapendeza macho, nikalipa. Mvua za mwezi wa tisa zikaanza, na kufika mwezi wa kumi na moja niko magotini nang'oa majani katikati ya mawe, yaani kila jani nikilivuta linakuja na kidonge cha tope nyeusi kwenye mizizi. Hayakutoka chini. Yaliota palepale juu, ndani ya unga niliouziwa pamoja na jiwe.

Mama mmoja wa Katindo, mtaa mwingine wa hapa mjini, amenionyesha kwake, ni hivyohivyo, ndiyo maana naandika.

Watu wote wanauliza rangi na ukubwa, hakuna anayeuliza unga, na unga ndio unaharibu kazi yote. Jiwe likipondwa linaacha vumbi, vumbi likilowa linakuwa udongo, mbegu inayoletwa na upepo inapata pa kulala. Kabla ya kulipa chukua chupa ya maji ya lita 1.5, kata shingo, jaza gravie nusu, mimina maji, tikisa na kijiti, ngoja dakika kumi. Tope ikitulia chini unene wa kidole, rudi nyumbani na pesa yako. Na chota katikati ya fungu au chini, kwa sababu ya juu mvua imeshaiosha na muuzaji anajua hivyo.

Mimi naweka ya kwanza lava nzito iliyopondwa kwa nyundo na kuchekechwa, saizi ya milimita 10 hadi 20. Ina pembe, inashikana, ukiikanyaga haikimbii. Ba mama wanaoponda kwa mkono karibu na barabara ya Sake wanaitoa safi kuliko ya mashine ukiwaomba wachekeche mbele yako, na hao nawaunga mkono waziwazi, usiwapunguzie bei mpaka jasho lao liwe bure. Lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 iliyoingia mpaka katikati ya mji watu wameiponda miaka na miaka na bado iko.

Ya pili ni ile nyekundu yenye matundu, puzolani. Nyepesi kubeba, kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, wanapakia nyingi, lakini inavunjika chini ya miguu, kwa hiyo hata ukiinunua bila unga itatengeneza unga yenyewe. Weka pale ambapo hakuna anayepita. Mawe ya mviringo yanateleza mpaka kwenye majani, mashine ya kukata ikilipata moja inalirusha, na kwangu kuna watoto. Ile nyeupe ya mifuko inageuka kijani na mvua zetu. Tuvenani, yaani mawe na unga bila kuchekechwa, ya bei ya chini ni ya barabara, kule unga unasaidia kushikanisha, pembeni ya peluzi hapana.

Chini ya gravie weka tambala la jeotekstili, kitambaa cha kutandika ardhini, na hapa sifichi, mimi ni wa chapa ya Bidim. Unaishika kama blanketi nzito, maji yanapita, mizizi inahangaika. Kama unajua mtu wa kazi ya barabara muulize akuuzie kipande kilichobaki mwisho wa rolo. Bashi (turubai) ya plastiki usiweke, maji yanasimama juu yake na unarudi kwenye tope. Na kama majani yako ni pasipalumu, yanatambaa, zika mawe marefu au matofali kwenye mpaka sentimeta 10 mpaka 15, huku kwetu mara nyingi jembe linagonga lava kabla hujafika huko, basi palipogonga simamia hapo, hata mzizi hautapita.

Sasa kipimo. Kwa unene wa sentimeta 5 ule mstari wangu unataka ndoo 12 za lita 20, basi. Mimi niliuziwa «mita kibu nusu», yaani nusu mita ya ujazo, kumwaga ikatoka ndoo 19 wakati zingekuwa 25, nikaambiwa njiani imeshuka. Imeshuka wapi? Pima beni ya gari, pale mzigo unapokaa, kwa mkono wako, urefu mara upana mara kimo, kabla hawajamwaga. Na kinachoniuma zaidi ni maji. Hapa Goma tunanunua maji kwa bidoni (madumu), halafu nanunua maji ya kuoshea vumbi ambalo nilishalilipia kama jiwe, kwa dola, na chenji wanakurudishia franka kwa kiwango chao. Hiyo siyo haki na tuendelee kuisema sokoni kwa sauti.

Kama umeshanunua yenye unga usiitupe. Lalisha mabati mawili ya zamani kwa mteremko, tandaza gravie juu yake, acha mvua mbili tatu kubwa zipite, ukigeuza kwa koleo katikati. Yangu niliiosha hivyo, maji ya kwanza yalitoka meusi kama chai ya rangi, ya tatu nikaona vidole vyangu chini. Weka ndoo mbili za akiba kwenye mfuko, maana baada ya miezi inakaa chini kidogo na utataka kuongeza jiwe lilelile.