Huduma mbili za TCRA dhidi ya matapeli wa simu: 15040 na *106# zinasaidia wapi, zinaishia wapi

"Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Karibu kila mwenye laini ya simu Tanzania ameshapokea meseji ya aina hii, na wengi huifuta wakicheka. Inaendelea kutumwa kwa sababu inalipa. Anayeituma hakujui wala hajui kama unadaiwa. Anairusha kwa namba nyingi, akitegemea kwamba miongoni mwa wapokeaji yumo mtu ambaye saa hiyohiyo anataka kulipa kodi ya nyumba, ada au deni.

Kipande kibaya zaidi ni hicho cha mwisho, cha jina. Mitandao yetu huonyesha jina la mpokeaji kabla mtumaji hajaweka namba ya siri, na jina hilo limewekwa litulinde. Tapeli amelitaja mapema. Likitokea vilevile, mtumaji anaona amehakikisha, kumbe alichohakikisha ni maneno ya tapeli mwenyewe. Na mara nyingi mwenye jina hilo hana habari kwamba kuna laini inayotembea kwa kitambulisho chake.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina huduma mbili zinazougusa utapeli huu: 15040 ya kuripoti namba ya tapeli, na *106# ya kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tunazipima hapa kwa macho ya mtu wa kawaida na ya mwenye duka. Tuseme mapema: *106# ina thamani kubwa zaidi, ingawa mtu akikutana na tapeli 15040 ndiyo inayomjia akilini kwanza.

Tuanze na 15040. Ukipokea meseji ya kitapeli, ipeleke kama ilivyo kwenda 15040, bila kufuta wala kuongeza neno. Utajibiwa kwa meseji inayokutaka utume namba iliyokutapeli. Hapo ndipo taarifa nyingi zinaweza kuharibika. Meseji uliyoipeleka inafika ikiwa imetoka kwenye simu yako, kwa hiyo namba ya aliyeituma haimo. Usipojibu hatua ya pili, umetuma maneno matupu yasiyo na mwenyewe. Nakili namba hiyo kwanza, ndipo uanze. Angalia pia kwamba meseji za "ile hela" huwa na namba mbili: iliyotuma meseji na inayopokea pesa. Unayoulizwa ni ile iliyokutumia. Ya kupokea pesa tayari imo ndani ya meseji, na ndiyo sababu hupaswi kuikata.

Faida yake ni ya jamii kuliko ya aliyeripoti. Namba inayothibitika kutumika kwa utapeli hufungiwa, na taarifa za kila robo mwaka za TCRA huonyesha majaribio ya utapeli yanatokea mikoa gani. Rukwa na Morogoro zimeongoza mara kadhaa. Hiyo ni kazi ya maana na tunaiunga mkono. Ila 15040 hairudishi pesa. Aliyekwishatuma laki mbili akakaa kusubiri jibu la 15040 anapoteza dakika ambazo tapeli anazitumia kutoa fedha kwa wakala. Pia imejengwa kwa ajili ya meseji. Tapeli anayepiga na kuongea hakuachii kitu cha kupeleka, na siku hizi kazi kubwa inafanywa kwa sauti.

Kuhusu wanaopiga, kanuni ni rahisi: kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100. Anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja huku akipiga kwa namba ya kawaida ya 07 au 06 ni tapeli, hata kama anajua jina lako lote. Akikwambia ubonyeze kodi inayoanza na *21* au **21* ikifuatiwa na namba ya simu, anahamisha simu zako ziende kwake, ili msimbo wa WhatsApp unaosomwa kwa sauti umfikie yeye. Kama umeshabonyeza, piga ##002# kuondoa uhamishaji wote, kisha *#21# kuona kama kuna kilichobaki.

Sasa *106#. Tangu Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kuanzia Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Ungedhani matapeli wangekwisha. Hawakwisha, kwa sababu walihamia kwenye vidole vya watu wengine. Unasimama kwa msajili wa barabarani, unaweka kidole, anakwambia hakijasoma, weka tena. Mara ya kwanza kilikuwa kimesoma. Laini yako umeondoka nayo, na nyingine yenye jina lako imebaki mfukoni mwake, tayari kuuzwa. Wazee na wageni wa mjini ndio wanaoonewa zaidi kwa mtindo huu, na inauma, kwa sababu polisi wakiifuatilia namba hiyo, mlango wa kwanza kugongwa ni wa mwenye kitambulisho.

Dawa yake ni *106#. Piga, chagua sehemu ya kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ingiza namba ya NIDA yenye tarakimu 20 bila vistari, usome orodha. Rudia kwa laini ya kila mtandao uliowahi kusajiliwa. Ukiona usiyoitambua, nenda duka la kampuni husika na kitambulisho, uikatae na uombe iondolewe. Usiishie kwa wakala wa mwavuli. Wengi walihakiki laini zao mapema 2023, serikali ilipotangaza kwamba ambazo hazijahakikiwa zingezimwa Februari 13, kisha wakasahau. Uhakiki wa mara moja hautoshi; kila unapoweka kidole kwa msajili, piga tena kabla ya siku kuisha. Na usiichanganye na *#06#, ambayo huonyesha IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, na haihusiani na usajili wa laini.

Udhaifu wa *106# ni kwamba inakusubiri wewe. Ingekuwa na nguvu mara kumi kama laini mpya ikisajiliwa kwa NIDA yako, meseji ingekuja hapohapo kwenye laini zako za zamani. Hili tunalitaka, na si la kisayansi sana.

Yapo ambayo huduma zote mbili haziyafikii, na mfanyabiashara ayajue. La kwanza ni laini kurenewiwa na mtu mwingine, yaani anachukua laini mpya yenye namba yako na ya kwako inakufa. Dalili yake ni mtandao kupotea ghafla wakati wenzako wa mtandao huohuo wanao. Usizime na kuwasha simu kwa saa nzima ukidhani ni mnara. Azima simu, piga 100, laini na akaunti ya pesa vifungwe, halafu ijulishe benki, maana misimbo ya benki inaingia kwenye laini hiyo.

La pili ni muamala hewa. Dukani inafika meseji kwamba umepokea pesa, mteja anaondoka na mzigo, au anapiga mtu akilia kwamba amekosea namba umrudishie. Meseji halisi huja kwa jina la huduma, kama M-PESA, si kwa namba ya mtu. Lakini usitegemee hilo peke yake, kwa kuwa muuzaji mwenye foleni hasomi juu ya meseji. Tegemea salio: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money. Salio halijapanda, mzigo hautoki. Na kama kweli mtu amekosea, arudishiwe na kampuni kwa kupiga 100. Usimtumie wewe kwa mkono wako. Wakala anayepigiwa na "makao makuu" wakitaka afanye muamala wa majaribio aelewe kwamba hakuna majaribio yanayofanywa kwa floti yake, yaani pesa yake ya kufanyia kazi.

Kwa ofisi zinazolipa wazabuni kwa benki, hatari iko kwenye barua pepe inayosema akaunti imebadilika. Mpigie mzabuni kwa namba iliyo kwenye mkataba wa zamani, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Hapa 15040 haina la kufanya, na barua pepe yenyewe isifutwe, kwani ni ushahidi.

Kwa ujumla, *106# tunaipa alama za juu: ni ya haraka na inagusa mzizi. 15040 ni nzuri kwa anayevumilia hatua zake mbili na asiyetarajia pesa kutoka kwake.

Pesa ikishaondoka, mpangilio ni huu. Kwanza piga 100 ya mtandao uliotumia kutuma, taja namba ya muamala, saa, kiasi na namba iliyopokea, uombe fedha izuiwe. Usianze kugombana na tapeli kwenye simu, unampa muda. Pili, nenda kituo cha polisi ufungue jalada na upewe namba ya RB (namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi), maana bila hiyo kampuni ya simu inaweza kukataa kuendelea na ufuatiliaji. Kutapeli na kujifanya mtu mwingine kwa mtandao ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hilo ni deni la kawaida. 15040 ije mwisho, na meseji ya tapeli ibaki kwenye simu, pamoja na picha yake ya skrini inayoonyesha namba na saa.