Tahadhari: fundi bodi wa "jointi za kiwandani" hapa Mwanza, mimi kanipiga

Wadau wa magari ya zamani Mwanza na kanda ya ziwa kwa ujumla, naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia.

Nina Peugeot 504 ya marehemu mzee, ya 1978. Imelala uani Nyegezi miaka mingi, unyevu wa ziwa ukala sili zote mbili (yale mabati marefu chini ya milango) na ule mfereji wa maji juu ya milango. Nikaunganishwa na jamaa ana gereji upande wa Igoma, anajinadi kwa "jointi za kiwandani", yaani mishono ya bati kama ilivyotoka kiwandani, akanirushia picha WhatsApp, kazi safi, bati tupu, nukta za weldi zimejipanga kabisa. Bei milioni 2 na laki 4, advansi milioni 1 na laki 6, nikatoa. Picha zenyewe nilikuja kugundua sio zake, moja mlango wa gereji uko wazi na nje kuna theluji. Igoma na theluji wapi na wapi, sijui macho yangu niliyaacha wapi siku hiyo.

Sasa kwa ambao hamjawahi kufungua bodi, hizi saluni hazina chasisi ya peke yake, bodi ndo chasisi. Kiwandani kingo za mabati mawili zinalaliana, zinabanwa kwa nukta nukta za umeme, halafu silanti, ile gundi ya kuzuia maji. Ule mshono una mdomo na unatakiwa UONEKANE. Fundi anayejua anatoboa zile nukta moja moja anatoa bati bovu, anakata jipya la unene uleule, anatoboa vitundu vya milimita 6 hivi kwenye mdomo, katikati ya mabati anapaka praima ya zinki, anabana na vaisi gripu (koleo la kujifunga) ndo anachomelea vile vitundu. Silanti inakuja juu ya praima, sio juu ya kutu, na rangi mwisho. Ni kazi ya wiki kadhaa.

Huyu wangu siku 9 gari limerudi linang'aa. Mishono yote imepotea, sili laini kama yai, na mimi nikafurahi kabisa nikapiga na picha.

Mvua za Novemba zilivyoanza ndo nikaona. Ufa umefuata mfereji wa paa mbele mpaka nyuma, kapeti inaelea, mlango wa nyuma kulia haufungi mpaka uupige na nyonga. Nikapeleka kwa mzee mmoja Mabatini, hakusema kitu, akachukua sumaku ya spika mbovu akaifunga kitambaa akaiweka kwenye sili, ikadondoka, maana hainati pasipo na chuma. Akachimba na bisibisi. Puti, ule udongo wa kujazia mabonde kabla ya rangi, unene wa kidole jamani! Ndani kajaza lile povu la kupuliza la kuzibia fremu za madirisha, limelowa chapachapa, kutu ya zamani iko palepale inaendelea kula. Na kiraka ni debe la mafuta ya kula limepigwa ribiti, ukichungulia kwa ndani ua la alizeti unaliona. Mlango kugoma ni kwa sababu alikata sili bila kuweka nondo za kushikilia, bodi ikashuka katikati. Hiyo ndo inaniuma kuliko hela, maana puti unabandua ila bodi iliyokaa upande kuirudisha ni shughuli nyingine.

Nilipompigia akaniambia "kaka mshono ukionekana gari linakuwa la kizamani". Gari la 1978 lionekane la lini sasa?

Kabadilisha laini, na nimesikia siku hizi anatafuta wateja wa Land Rover za zamani, picha ni zilezile. Wenye Land Rover muwe makini zaidi maana bodi karibu yote ni aluminiamu, sumaku haishiki hata kwenye bati zima, kwa hiyo pale dai kuiona kazi ikiwa tupu kabla hajapaka praima ya juu, na hela ya mwisho itoke hapo. Na piga picha za mishono yako yote kabla gari halijatoka nyumbani, mimi sikupiga hata moja, sasa hivi mzee wa Mabatini anakisia mdomo ulikuwa unaishia wapi.

Halafu bampa yangu ya mbele bado anayo, alisema anaipeleka kupigwa kromu. Ukiona mtu anauza bampa ya 504 ina kibonyeo kidogo upande wa kushoto, nistue inboksi.