Kisanduku cha Cotman kwa mtu mzima anayeanza rangi za maji: rangi zinatosha, karatasi ndiyo kazi

Mtu mzima akiuliza aanze na nini kwenye uchoraji wa rangi za maji, mara nyingi huelekezwa kwenye kisanduku cha mfukoni cha Cotman chenye vidonge 12 vya rangi, kinachotengenezwa na Winsor & Newton. Kinastahili sifa hiyo. Rangi zake zinachanganyika vizuri, kinaingia mfukoni, na kifuniko chake ndicho paleti, yaani mahali pa kuchanganyia rangi. Lakini atakayekitumia kwenye karatasi ya kawaida ya kuchorea, kwa ile brashi ndogo iliyomo ndani, atakata tamaa kabla hajaona rangi hizo zina uwezo gani. Ndiyo maana tathmini hii inagusa pia vitu viwili visivyomo kisandukuni ambavyo ni lazima vinunuliwe pamoja nacho.

Winsor & Newton ilianzishwa London mwaka 1832. Cotman ni daraja lake la wanafunzi, na limepewa jina la John Sell Cotman, mchoraji Mwingereza wa rangi za maji aliyeishi kati ya 1782 na 1842. Kama rangi zote za maji, kidonge kimetengenezwa kwa pigmenti, yaani unga wenye rangi, ulioshikanishwa kwa gundi ya mgunga. Tofauti na daraja la wataalamu ni mbili: kiasi cha pigmenti ni kidogo zaidi, na pigmenti ghali zimebadilishwa kwa zile za bei nafuu zenye sura inayokaribiana. Hapo ndipo utaona neno Hue kwenye lebo. Wengi hulichukulia kama onyo, na si sahihi. Cadmium Red Hue haina kadmiamu, kwa hiyo haina sumu ya kadmiamu. Alizarin ya asili, nyekundu iliyoiva, hupauka ikikaa kwenye mwanga, ilhali kibadala chake katika Cotman kinastahimili zaidi. Kwa anayejifunza, hizo ni faida. Na Ultramarine, buluu ya kisanduku, haina cha kubadilishwa: pigmenti yake, yenye namba ya utambulisho PB29, ni ileile inayotumika katika rangi za daraja la juu.

Kabla ya kuchora chochote, shughulikia kifuniko. Plastiki mpya ni laini mno, hivyo maji hujikusanya matone matone badala ya kutandaa, nawe huwezi kuona mchanganyiko wako una rangi gani. Isugue kwa dawa nyeupe ya meno na kitambaa kwa dakika moja au mbili, kisha suuza. Usitumie waya wa kusugulia sufuria, kwa sababu mikwaruzo mirefu hunasa rangi na doa halitoki tena.

Halafu dondoshea kila kidonge matone mawili au matatu ya maji safi, usubiri dakika moja hivi. Hatua hii ndogo ndiyo inayotofautisha rangi nzito na rangi hafifu. Lalamiko la kwanza kuhusu Cotman ni kwamba rangi zake zimepauka, na mara nyingi chanzo ni kidonge kikavu kilichosuguliwa kwa brashi iliyojaa maji. Ukisugua hivyo unapata maji yenye rangi kidogo, na ncha ya brashi inaharibika juu yake. Kuna kipimo rahisi cha kujua uzito wa mchanganyiko: inamisha paleti. Ukitiririka mara moja, ni mwepesi, unafaa anga na tabaka la kwanza. Ukiteremka polepole, ni wa kati, na hapo ndipo sehemu kubwa ya picha hufanyika. Usiposogea kabisa, ni mzito, uuweke kwa vivuli vya mwisho na vitu vidogo vyeusi. Kumbuka pia kwamba rangi ya maji hufifia ikikauka. Kinachoonekana sawasawa kikiwa kibichi kitakuwa kimepungua nguvu kikikauka, basi changanya mzito kidogo kuliko unavyotaka, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile.

Brashi iliyomo kisandukuni ni fupi na ndogo. Inafaa kwa matawi, nyaya na kingo za madirisha, basi. Haibebi maji ya kutosha kufunika hata anga la ukurasa wa A5 kabla mstari wa kwanza haujakauka, na matokeo yake ni michirizi. Nunua brashi moja ya duara namba 8 ya nyuzi bandia. Namba 10 ukipanga kuchora kwenye A4. Ukipata nafasi ya kuijaribu dukani, ilowanishe, uikung'ute mara moja: nywele zote zikusanyike na kufanya ncha moja kali. Zikigawanyika mbili, irudishe. Usiiache imesimama ndani ya gilasi ya maji, maana ncha hupinda na maji hupenya chini ya bati linaloshika nywele hadi gundi ilegee.

Sasa karatasi. Ukiwa na fedha za kuongeza kwenye kitu kimoja tu, ziongeze hapa, na wala si kwenye kisanduku kikubwa zaidi. Karatasi nyembamba hujikunja ikilowa, maji yanakusanyika mabondeni, na rangi hukauka kwa mabaka. Kiwango cha chini cha kufanyia kazi ni gramu 300 kwa mita ya mraba. Lakini uzito peke yake hautoshi. Kuna karatasi za gramu 300 za rojo la miti, kama Canson XL, na kuna za pamba asilimia 100, kama Arches ya Ufaransa au Saunders Waterford ya Uingereza. Karatasi ya miti hukauka haraka juu, rangi huganda ilipoangukia, na ukipitisha brashi mara ya tatu au ya nne uso huanza kutoa vinyuzi. Ya pamba hukaa na unyevu kwa muda mrefu zaidi na kwa usawa, kwa hiyo inakupa nafasi ya kulainisha ukingo, kuongeza rangi ya pili, au kuinua kosa, yaani kuliondoa, kwa brashi yenye unyevu. Pia huvumilia tabaka nyingi bila kuchubuka. Jambo la kusikitisha ni kwamba anayeanza huambiwa atumie karatasi duni kwanza na ile nzuri aingoje ajue. Mambo anayojifunza kwenye karatasi duni, hasa muda wa kukauka, hayamsaidii akihamia kwenye pamba. Inambidi aanze upya.

Gharama inapungua ukinunua karatasi nzima badala ya daftari. Ukubwa wa kawaida ni sentimita 56 kwa 76. Igawe mara nne kila upande upate vipande 16 vya sentimita 14 kwa 19, na kila kipande kina pande mbili, hivyo una nafasi 32 za mazoezi. Chagua uso wa mikwaruzo ya wastani, ule unaoshindiliwa baridi. Uso laini ulioshindiliwa kwa joto huonyesha kila kosa, na ule wenye mikwaruzo mikubwa unakatakata mistari myembamba. Bandika kingo zote nne kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi, na uache picha ikauke kabisa kabla ya kuibandua. Kwa vipande vidogo hivyo hakuna haja ya kuloweka na kunyoosha.

Tukirudi kwenye rangi zenyewe: upangaji wa rangi umebadilika kidogo kati ya toleo na toleo, lakini msingi ni uleule. Una njano, nyekundu ya joto, Alizarin Crimson Hue, Ultramarine, Sap Green (kijani), Yellow Ochre (njano ya udongo), Burnt Sienna (kahawia inayoelekea nyekundu), Burnt Umber (kahawia iliyokolea) na Chinese White (nyeupe). Jozi yenye thamani kuliko zote humo ni Ultramarine na Burnt Sienna. Zichanganye kwa uzito sawa unapata kijivu. Ongeza Ultramarine, kijivu kinakuwa baridi kwa mawingu ya mvua na vivuli vya kuta nyeupe. Ongeza Burnt Sienna, kinakuwa cha joto kwa udongo, magome na mawe. Punguza maji na jozi hiyo hiyo inakupa giza linalokaribia weusi, lenye uhai kuliko rangi nyeusi ya kidonge. Tumia wiki ya kwanza juu ya jozi hii tu. Chora ngazi tano za kijivu, kutoka kile kinachokaribia weupe wa karatasi hadi kizito kabisa, kisha chora yai au kikombe kwa ngazi hizo. Anayeshindwa hapa atashindwa pia akiwa na rangi 24, kwa sababu kinachoipa picha umbo ni tofauti ya mwanga na giza.

Udhaifu wa seti upo kwenye kijani na zambarau. Ultramarine inaelekea upande wa nyekundu, kwa hiyo ukiichanganya na njano unapata kijani kilichopoa, kizuri kwa miti ya mbali lakini si kwa jani changa. Sap Green ni ya kusaidia, ila ikitumika peke yake kila mti unafanana na mwenzake. Ichanganye na Burnt Sienna kwa majani ya kivulini, na kwa njano kwa yale yaliyopigwa na jua. Na Alizarin pamoja na Ultramarine hutoa zambarau nzito isiyong'aa, isiyofaa kwa maua ya waridi.

Ndipo Chinese White inapaswa kutoka. Winsor & Newton ndio walioiingiza sokoni mwaka 1834, na ina kazi yake kwa nukta ndogo za mwanga mwishoni. Lakini anayeanza huichanganya na kila kitu ili kupata rangi nyepesi, na rangi inakuwa kama ya chokaa, imeziba. Weupe katika rangi za maji ni karatasi yenyewe; wepesi unatokana na maji. Vidonge vinatoka na kuingia, kwa hiyo itoe uweke Permanent Rose ya Cotman. Ukipenda kuongeza nyingine, weka Intense Blue, ambayo ni buluu ya pigmenti iitwayo thalo, mahali pa Burnt Umber. Ipake kwa kiasi kidogo sana: ina nguvu kubwa na hutia doa, hivyo haiinuki kwenye karatasi kirahisi kama Ultramarine.

Makosa mengi yanayolaumiwa rangi ni ya maji na ya wakati. Chukua madoa yenye kingo za mawimbi, yanayofanana na koliflawa, yanayojitokeza katikati ya anga lililokuwa zuri. Yanatokea pale brashi yenye maji mengi inapogusa sehemu iliyoanza kukauka. Maji hukimbilia kwenye ukavu, yakisukuma chembe za pigmenti mbele yake na kuziacha ukingoni. Jifunze kuitazama karatasi kwa kuinama pembeni. Iking'aa, bado unaweza kuongeza rangi. Ikipoteza mng'ao lakini bado ni baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, usiiguse kwa brashi yenye maji. Isubiri ikauke kabisa. Ukiwa na haraka, tumia mashine ya kukaushia nywele kwa joto dogo, kutoka mbali, lakini si wakati maji bado yanatembea, maana upepo utayasukuma.

Tabaka sawa la rangi moja, zoezi ambalo kila mtu huliruka, hufanyika hivi. Inua ubao upande wa juu kwa sentimita 3 au 4. Changanya rangi nyingi kuliko unavyodhani itahitajika, kwa sababu ukiishiwa katikati hutaweza kupata tena uzito uleule kwa wakati. Jaza brashi, piga mstari mmoja kutoka kushoto hadi kulia, na uache ushanga wa maji uning'inie kwenye ukingo wa chini. Jaza tena, na mstari wa pili uguse ushanga huo na kuuteremsha. Usirudi juu kurekebisha. Ukifika chini, kamua brashi kwenye kitambaa na ufyonze ushanga wa mwisho, la sivyo utarudi juu na kuacha doa. Michirizi ikitokea, brashi ilikuwa na maji machache. Ukikosa ushanga, ubao ulikuwa bapa.

Weka vyombo viwili vya maji, kimoja cha kuoshea na kingine cha kuchotea maji safi. Rangi za matope hutokana na maji machafu, na pia na kuchanganya pigmenti tatu au nne kwa pamoja. Mbili zinatosha kwa takriban kila kitu, ya tatu iwe kwa sababu maalumu.

Mshindani wa karibu ni kisanduku cha Van Gogh cha Royal Talens, nacho pia kina vidonge 12. Ni kizuri kwa kiwango kilekile, na hakuna sababu ya kumiliki vyote viwili.

Kidonge kikiisha, usinunue kisanduku kingine. Cotman inauzwa pia kwenye tyubu za mililita 8, na tyubu moja hujaza kikasha cha kidonge kimoja mara kadhaa. Jaza kwa tabaka mbili au tatu, ukiacha kila moja ikauke siku moja au zaidi, na koroga kidogo kwa kijiti cha meno ili hewa itoke. Ukijaza kwa mkupuo mmoja, rangi hupasuka katikati na kuachana na kuta. Ultramarine na Burnt Sienna ndizo zitakazoisha kwanza, basi anza na tyubu za hizo mbili.