Kudhaminiwa kazi Kalgoorlie kwa njia ya DAMA: mapatano mazuri, ofisi ya hovyo

Nianze na yule mama wa HR, ofisi ya wafanyakazi, wa kampuni iliyonidhamini hapa Kalgoorlie, Australia, maana bila yeye ningekuwa naandika sifa tupu. Aliniita ofisini kwake saa ya chai, nikiwa bado na ovaroli yenye grisi, akanisogezea karatasi na kalamu. Karatasi ilisema kwamba nakubali, kwa hiari yangu, kampuni ikate sehemu ya mshahara wangu kila baada ya wiki mbili mpaka irudishe "gharama za kunileta". Nikamuuliza, gharama zipi? Akasema za serikali. Zipi za serikali? Akacheka. Wallahi alicheka, kisha akasema: "Wapo wengi sana Afrika ambao wangetia sahihi bila kuuliza."

Mimi ni fundi wa dizeli. Nimetengeneza matrela Changamwe na Miritini, kule Mombasa, tangu ujana wangu, nimetukanwa na madereva wa kila namna, na hakuna tusi lililowahi kunikaa kifuani kama sentensi ile. Hata sasa nikiikumbuka naikaza nati kupita kiasi.

Kwa ambao hawajaijua njia hii, DAMA ni mapatano kati ya serikali ya Australia na eneo ambalo halipati wafanyakazi wa kutosha. Darwin walitangulia, hapa Goldfields, eneo la migodi ya dhahabu, ikaanza 2019 chini ya halmashauri ya mji wa Kalgoorlie-Boulder. Mwajiri anaomba kwanza kuidhinishwa na eneo, halafu anafunga mkataba na wizara ya mambo ya ndani, halafu anakupendekeza wewe kwa jina, ndipo wewe unaomba visa. Yaani kazi yote ya mwanzo ni yake. Mtu wa Nairobi au Mombasa akikuambia anakuuzia "visa ya DAMA", mwache hapo hapo. Hakuna visa yenye jina hilo, na mfanyakazi hawezi kujiombea mwenyewe. Nililetewa hadithi hiyo na wakala mmoja mwenye suti nzuri kabla sijampata mwajiri huyu, nikamwachia chai yake mezani.

Kilichonivuta ni umri. Kwa kawaida ukidhaminiwa na mwajiri, mlango wa makazi ya kudumu unafungwa ukifika 45, na mimi nilishaupita. Baadhi ya mapatano haya yanausogeza hadi 55 kwa kazi fulani, na ya kwangu ni mojawapo. Ni fundi gani wa makamo asiyeikimbilia nafasi hiyo? Niliikimbilia, na ningeikimbilia tena kesho.

Turudi kwenye karatasi. Nikasema nipeni nikaisome nyumbani. Hataki, eti haitoki ofisini. Nikaipiga picha pale pale, mbele ya macho yake, nikarudi karakana.

Jioni mke wangu akaitazama picha muda mrefu. "Baba Rehema, tia tu. Watoto wameshazoea shule." Simlaumu hata kidogo, kwa sababu ubaya wa utaratibu mzima uko hapo. Visa ya 482, hii ya kazi ya muda niliyo nayo, inakufunga kwa mwajiri mmoja. Ukiachana naye, tangu Julai 2024 unapewa siku 180 kutafuta mwingine, zamani zilikuwa 60. Siku 180 zinasikika nyingi ukiwa Canberra, serikalini. Hapa tuko kilomita kama 600 kutoka Perth, na huyo mwajiri mwingine haitoshi awe na kazi tu. Awe ameruhusiwa kudhamini, na kwa mzee kama mimi, awe na mkataba wenye nafuu ya umri. Waajiri wa aina hiyo katika mji huu wanajuana kwa majina ya watoto. Nani atataka fundi aliyeondoka kwa kugombana na HR?

Aliyeniokoa ni Mfilipino tunayefanya naye zamu, mtu wa maneno machache. Aliitazama picha akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza: dola 7,200. Akaniambia hiyo ni ada ya Skilling Australians Fund, mfuko wa mafunzo. Kampuni yenye mauzo ya dola milioni 10 au zaidi kwa mwaka inalipa dola 1,800 kwa kila mwaka wa visa, piga mara minne. Na sheria imeandikwa wazi kwamba ada hiyo ni ya mwajiri, asimtwishe mfanyakazi, wala gharama nyingine za kudhamini na kupendekeza. Tangu mwishoni mwa 2015 kuuza na kununua udhamini ni kosa. Ada ya visa yangu na ya familia nililipa mimi, ni halali, sijawahi kulalamika. Lakini hizi zingine nilikuwa natozwa deni la mtu, na hiari nikaandikiwa juu.

Nikamwandikia yule mama barua pepe fupi, nakala kwa meneja wa karakana: naomba kifungu cha sheria kinachowaruhusu. Kimya. Nikaandika tena. Siku zikapita, nikajibiwa kuwa karatasi ile "ilikuwa rasimu" na nisiijali. Rasimu! Rasimu yenye jina langu, tarehe, na mahali pa sahihi! Samahani haikutoka, wala sentensi ile ya Waafrika wengi haikuguswa, kana kwamba niliiota.

Na kuna kinachoniuma zaidi. Kijana mmoja Mzimbabwe, mchomeleaji hodari, alishatia sahihi karatasi kama hiyo kabla yangu. Amekatwa miezi na miezi. Nimemwambia Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali ya haki za wafanyakazi, wanawasikiliza hata wenye visa za muda, anaitikia kwa kichwa tu. Anasema atadai akishapata makazi ya kudumu. Yaani wanamkata wakijua hatasema, na hasemi kwa kuwa wao ndio watakaompendekeza. Nani aliyebuni kitu cha namna hii akaenda kulala?

Haya, nipumue. Nikisema msije nitakuwa mwongo. Mshahara unaingia siku yake, haujawahi kuchelewa, pensheni inawekwa. Meneja wa karakana ni muungwana, anauliza kabla ya kuamuru. Vifaa vipo, kreni ya juu inafanya kazi, hakuna anayekwambia ubahatishe kwa jicho kitu kinachopaswa kupimwa. Mke wangu naye visa inamruhusu kufanya kazi, yuko kwenye nyumba ya kutunza wazee na wanampenda. Wenzangu wa rika langu niliowaacha Miritini wanaambiwa wamezeeka. Hapa natafutwa.

Kwa hiyo mapatano yenyewe nilitaka kuyapa nyota nne. Halafu nikakumbuka kwamba yanaweka kila kitu mkononi mwa mwajiri, na mwajiri anakiweka mkononi mwa mtu mmoja mwenye kicheko kile. Nyota mbili. Na moja ya hizo ni ya Mfilipino.

Mkataba wa kampuni yetu unaruhusu kupendekezwa kwa visa ya 186, ya kudumu, ukishatumikia muda wako. Wangu unakaribia, na fomu zimeanza kujazwa. Anayezijaza ni yeye. Juzi amenitumia ujumbe nilete nakala za pasipoti za watoto, akamalizia kwa kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Nimezipeleka kwa mkono, nikasimama pale mezani mpaka akaniandikia kwamba amezipokea, na hiyo nayo nimeipiga picha.