Sindano za Kichina kwa maumivu ya hedhi: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Kila dada ananiuliza kama zinauma. Kidogo tu. Sindano ya akupancha ni nyembamba kama unywele na haina dawa ndani. Ikiingia unasikia mchomo mdogo, kisha tabibu anaizungusha, na mguu unakuwa mzito, unapata ganzi ya ajabu. Hiyo ndiyo dalili anayoitafuta.

Tangu Wachina wajae Katanga kwa sababu ya shaba na kobalti, tiba yao imetufuata hadi mjini. Mama anayenitibu Kifaransa kinampiga chenga, na Kiswahili chake ni "lala", "pumua" na "makuta". Lakini mikono yake imetulia. Huchoma chini ya kitovu na upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo, mahali wanapopaita Sanyinjiao. Kisha anawasha taa nyekundu ya joto juu ya tumbo na kuniacha nimelala karibu nusu saa.

Mwezi wa kwanza sikuona tofauti. Baadaye kutapika kulikoma, nikaweza kukaa dukani siku ile ya kwanza ya damu, siku ambayo zamani nilikuwa nikijikunja kitandani. Ibuprofen, dawa ya maumivu, sijaiacha. Inapunguza prostaglandini, kemikali zinazofanya mji wa mimba ujikaze, na kwangu ndiyo inayofanya kazi haraka. Ila sasa nameza chache.

Je, ni sindano au ni ile taa? Joto peke yake hutuliza tumbo, hata chupa ya maji moto nyumbani inasaidia, tena bila kulipa dola 15 kila mara. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 42 na bado yakaona ushahidi hautoshi kusema kama sindano zinasaidia. Mimi naendelea kwenda nikiwa na pesa. Mwezi mgumu naruka bila majuto.

Ukienda, dai pakiti ya sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, kisha uone zinatupwa. Kama una mimba au unashuku, sema kabla ya kulala kitandani, maana matabibu wengi hawaigusi ile sehemu ya mguu kwa mjamzito. Na kama maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, au yanakupata hata nje ya hedhi, pesa hiyo ipeleke kwanza kwa daktari wa wanawake. Inaweza kuwa endometriosisi, ugonjwa ambapo utando kama ule wa ndani ya mji wa mimba unaota nje yake, na hata ekografia (kipimo cha picha ya tumbo) ikiwa safi haitoshi kusema huna.